Samaki Asiye na Ngozi

Katika duka la Mama Chewa hakukuwa na samaki hata mmoja mwenye ngozi. Minofu ililala juu ya barafu, myeupe, safi, imepangwa kwa mistari, na mbele yake kilisimama kibao kilichoandikwa kwa rangi ya buluu: CHEWA SAFI, HANA MWIBA. Hapakuwa na kichwa, hapakuwa na mkia, wala jicho la kumkodolea mteja. Wateja walilipenda jambo hilo. Walisema Mama Chewa ni mtu wa usafi, tena ana huruma na wenye watoto wadogo.

Sasa tuseme ukweli mapema, maana yeye mwenyewe alichelewa kuusema. Samaki yule hakuwa chewa. Alikuwa kambare wa kufugwa, aliyekulia kwenye madimbwi ya mbali, akachunwa, akagandishwa, akaletwa na bwana mmoja mnene mwenye gari la barafu ambaye wauza samaki wote wa mtaa ule walimwita Katoni. Siku ya kwanza alipofungua katoni yake pale dukani, Katoni alisema, "Mama, huyu ukishamvua ngozi ni mweupe kama mwingine yeyote. Jina utampa wewe." Mama Chewa alikuwa na jina tayari. Zamani aliuza chewa kweli, ndiyo maana akaitwa hivyo, na chewa walipoadimika wateja hawakuacha kuja kuwaulizia. Basi akawapa. Duka la jirani lilikuwa likifanya vivyo hivyo, na la mbele yake pia, kwa hiyo hakujiona mwizi. Alijiona mfanyabiashara.

Mumewe alikuwa fundi wa injini za boti, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa uenyekiti wa kamati ya mwamba. Wavuvi walikuwa wamekubaliana kuufunga mwamba mmoja ambako chewa hukusanyika kutaga mayai. Waliuzungushia maboya ya madumu ya njano, wakapeana zamu za kulinda, na Fundi hakukosa zamu hata siku ya homa. Utauliza, mtu kama huyo aliwezaje kuishi nyumba moja na minofu ile asijue? Jibu ni kwamba hakuila. Fundi alipenda samaki mdogo mwenye miba ya kupambana naye. Minofu aliiita chakula cha hospitali. Nyumbani aliyekula minofu ni mama yake, Bi Mkubwa, kwa sababu ya meno.

Mambo yaliharibikia kwenye kikao.

Walikutana kwenye ghala la nyavu, wanaume mbele, wanawake nyuma, wengine wamekalia maboya yaliyopasuka. Ajenda ilikuwa moja: mwamba uendelee kufungwa au ufunguliwe. Nahodha, kaka mkubwa wa Fundi, alisimama akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hilo liliwafanya watu wamsikilize zaidi.

"Nina swali moja tu, mwenyekiti," alisema. Nyumbani angemwita mdogo wangu. "Mlituambia chewa wamekwisha. Tukafunga mwamba. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, tukavumilia. Haya." Akauinua ule mfuko. "Huyu ni nani?"

Watu wakacheka.

"Nimemnunua jana kwa shemeji yangu, yule amekaa pale nyuma. Duka la pili wapo. La tatu wapo. Hoteli ya barabarani kila siku wapo. Kama wamekwisha, hawa wanadondoka na mvua?"

Fundi alimgeukia afisa wa uvuvi, mwanamke kijana aliyekuja na koti la mvua na viatu vilivyojaa matope. Alitegemea msaada, akakosa. Afisa alisema alipita madukani mwenyewe akakuta vibao vya chewa kila mahali, na wakubwa wake sasa wanamuuliza kwa nini walinde samaki aliyejaa sokoni. "Sifurahii kusema hivi," alisema. "Lakini ndicho nilichokikuta."

Fundi alisimama. Shati lake lilikuwa na doa la mafuta kifuani, na mkewe kule nyuma aliliona na kujilaumu kwa nini hakumpa lile jingine.

"Chewa wa mke wangu hawatoki hapa," alisema. "Wanatoka bahari ya mbali, kwa halali. Mke wangu hauzi kitu asichokijua. Mimi naapa mbele yenu wote."

"Bahari ipi?" mtu mmoja aliuliza.

Fundi hakujua. Alimtafuta mkewe kwa macho juu ya vichwa vya watu. "Mama watoto, waambie bahari ipi."

Shingo zote ziligeuka. "Ya mbali," alisema Mama Chewa.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na Fundi alikaa chini taratibu. Kura iliahirishwa hadi wiki inayofuata, lakini kila mtu alijua itakavyokwenda.

*

Nyumbani, Fundi alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akisugua mafuta yaliyojificha kwenye kucha. Bi Mkubwa alikuwa mezani tayari, na sahani yake ya mnofu mbele yake.

"Bahari ya mbali ndiyo ipi?" Fundi aliuliza bila kugeuka.

Mama Chewa alikuwa akikata kitunguu. Akakiweka kisu chini. "Hakuna bahari, baba watoto."

"Hakuna vipi?"

"Ni dimbwi. Yule ni kambare wa kufugwa. Ananiletea Katoni."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye beseni. Fundi alifunga bomba, akasimama ameikunja mikono yake yenye povu kana kwamba hajui pa kuiweka.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hamjafunga mwamba."

"Na mimi nimeapa."

"Ndiyo."

"Mbele ya kaka yangu."

"Nilikuwepo," alisema Mama Chewa.

Bi Mkubwa alikuwa ameacha kutafuna. Aliusogeza mnofu kwa kidole, akaugeuza upande wa pili, akautazama huko nako.

"Kwa hiyo huyu ni kambare?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Siku zote hizi nakula, najiuliza mbona chewa hana ladha," alisema Bi Mkubwa. "Nikadhani ulimi wangu umezeeka. Nikaona haya kusema, nisije nikaambiwa kizee hana shukrani."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa amekasirika, Mama Chewa angejua la kujibu. Lakini mama mkwe aliyaongea yale kama mtu anayeeleza maumivu ya goti, na hapo ndipo mkwewe alipoketi kwenye kigoda akalia, kwa mara ya kwanza tangu Katoni aanze kuegesha gari lake mlangoni kwake.

Fundi alimwacha alie. Kisha akasema, "Usimwambie mtu mwingine. Kibao nitakishusha polepole, tutauza kitu kingine. Ukisema, wewe ni tapeli na mimi ni mwongo. Watatuzomea mpaka tuhame."

"Na mwamba?"

"Nimesema nyamaza."

"Wataufungua kwa sababu ya minofu yangu. Wataingia pale chewa wakiwa wamekusanyika, wawazoe wote na mayai yao. Halafu jina ninalompa kambare litakuwa halina mwenyewe."

Mtu wa haki akibanwa huwa mkali kuliko wengine. Fundi aliubamiza mlango akatoka, akaenda kwenye kibanda chake kufungua injini ambayo haikuwa na ubovu wowote.

*

Asubuhi mpishi wa hoteli ya barabarani alikuja kuchukua mzigo wake kama kawaida. Huyu ndiye aliyelishikilia duka. Alinunua zaidi ya nusu ya minofu yote, alilipa papo hapo, na hakuwahi kubishana bei.

"Kabla hujachukua," Mama Chewa alimwambia, "nataka ujue unachonunua."

Mpishi alicheka, meno yote nje. "Mama, mimi nakaanga samaki tangu sijaota ndevu. Unadhani kambare simjui?"

"Mbona unaandika chewa kwenye ubao wako?"

"Kwa sababu wewe unaniuzia chewa. Mteja akiniuliza, namwonyesha duka lako. Wewe ukiulizwa, unamwonyesha Katoni. Katoni naye ana mtu wake huko. Kila mtu ana wa kumwonyesha." Akaubeba mfuko begani. "Ila nakuomba, mama, usianze maneno. Ukianza maneno mimi nitanunua kwa jirani. Si kwa ubaya."

Aliondoka akipiga mluzi. Mama Chewa aliichukua simu na kumpigia Katoni.

"Nataka mmoja mzima."

"Mzima kivipi?"

"Na ngozi yake, na kichwa chake, na ndevu zake."

"Mama, samaki mwenye ndevu nani atamnunua?"

"Si wa kuuza."

"Sasa ni wa nini?"

"Wa kutambulisha," alisema Mama Chewa, akakata simu kabla hajabadili nia.

Siku zile za katikati Fundi hakusema naye zaidi ya chumvi na chai. Alikula, alitoka, alirudi. Bi Mkubwa alikataa minofu, akasema anataka uji. Mama Chewa aliuza kwa watu wa kawaida akiwa ameinamisha uso, na kila mteja aliposema "nipimie chewa" mkono wake ulikuwa mzito. Aliwaza kukaa kimya, tena aliwaza kwa dhati. Duka lilikuwa lake, alilianzisha kwa meza moja na ndoo. Watoto walisoma kwa duka lile. Lakini kila akifikiria kunyamaza alikisikia kicheko cha ghala lile, akamwona mumewe anavyokaa chini taratibu, na moyo ulikataa.

*

Wiki iliyofuata ghala lilijaa mpaka nje. Nahodha alikuwa amekuja na wafuasi wake, na walikuwa wachangamfu, watu waliokwisha kushinda. Mama Chewa aliingia akiwa amebeba beseni lililofunikwa kitambaa. Hakukaa nyuma. Alipita katikati ya wanaume, na maji ya barafu yaliyochuruzika kutoka kwenye beseni yalimlowesha mmoja mguu, akaguna.

Fundi aliliona beseni akajua. Alikuwa amemkataza mwanamke huyu, na sasa huyu hapa. Kwenye meza ya mwenyekiti kulikuwa na chupa ya chai, kikombe na daftari la mahudhurio. Alimtazama mkewe kwa muda ambao watu waliuona. Kisha akaisogeza chupa ya chai pembeni, na kikombe, na daftari, akampa nafasi.

Mama Chewa aliweka beseni, akafunua. Kambare alikuwa amelala ubavu, mweusi mgongoni, mdomo mpana, ndevu zimelala kwenye barafu.

"Huyu ndiye mliyekuwa mnamla," alisema. "Kwangu. Na si kwangu peke yangu, lakini mimi nasema langu. Chewa wa kweli sijauza muda mrefu, kwa sababu hakuna wa kununua. Mume wangu alikuwa hajui. Hakudanganya, nilimdanganya."

Mtu mmoja akasema, "Turudishie pesa zetu," na wengine wakacheka, na kelele zikaanza. Mwanamke mmoja alisimama nyuma kabisa. Hakucheka.

"Mwanangu alipokuwa mgonjwa nilimpikia huyu," alisema. "Nilikopa ili nimpe chewa."

"Ni kweli," alisema Mama Chewa. Hakujitetea. "Njoo dukani kesho, dada yangu. Tutaelewana."

Nahodha alisogea mezani. Alimshika kambare taya, akamwinua, akamgeuza kwenye mwanga. Watu walisubiri afanye mzaha, maana shemeji alikuwa amejileta mwenyewe. Lakini uso wa Nahodha ulikuwa umebadilika.

"Nazunguka nje ya maboya kutwa nzima, narudi na ndoo tupu," alisema, na sasa alikuwa haongei na kikao bali na yule samaki. "Nikipita madukani naona chewa wamejaa. Nikasema, basi wapo watu wanaojua kuvua, mimi nimeshasahau. Nimebadilisha nyavu. Nimemfukuza mtu wangu mmoja nikamwambia ana mkosi." Akamrudisha kambare kwenye barafu. "Kumbe hakuna aliyekuwa anavua kitu."

Hakuna aliyecheka hapo. Wavuvi wengi ghalani waliangalia mikono yao wenyewe, kwa sababu kila mmoja alikuwa amejishuku kimoyomoyo na hakumwambia mwenzake.

Afisa wa uvuvi alikuja kumtazama samaki. Alisema mnofu usio na ngozi hautambuliki kwa macho, yeye alisoma vibao tu kama mteja mwingine yeyote. Atarudi madukani, achukue vipande vikapimwe, na taarifa ile ya kwanza anaifuta. "Asante, mama," aliongeza, na Mama Chewa hakujua aiweke wapi asante hiyo.

Fundi ndiye aliyesimama wa mwisho.

"Wiki iliyopita niliapa hapa," alisema. "Niliapia kitu nisichokijua, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nalinda samaki wa baharini, wa jikoni kwangu sikumtazama. Hilo kosa ni langu. Sasa tupige kura: anayetaka mwamba ubaki umefungwa anyooshe mkono."

Mikono ilipanda mmoja mmoja, kwa uzito. Wafuasi wa Nahodha walikuwa wakimwangalia yeye. Alikaa amekunja mikono kwa muda mrefu, kisha akaunyoosha wa kulia, na wao wakanyoosha ya kwao. Mwamba ukabaki umefungwa.

*

Usidhani watu walimbeba mabegani. Mpishi alihamia kwa jirani siku iliyofuata, na alipopita mbele ya duka aliangalia upande wa pili. Mama wa mtoto mgonjwa alikuja, akarudishiwa pesa zake, akazipokea bila neno. Wakaja na wengine ambao Mama Chewa hakukumbuka hata kuwauzia, naye akawapa samaki. Mtaani walimwita Mama Kambare, kwanza kwa kumdhihaki. Binti yake alirudi kutoka shule na macho mekundu, akasema wamemchorea ndevu za chaki mgongoni. Bi Mkubwa alimfuta zile chaki akamwambia kuwa babu yake alikuwa na ndevu mbaya kuliko za kambare na bado alipata mke, mpaka mtoto akacheka.

Fundi alichukua rangi iliyobaki kwenye boti ya mtu akaandika kibao kipya. Hakuwa na mwandiko mzuri. Herufi za mwisho zilibanana ukingoni. KAMBARE WA KUFUGWA. Chini yake, bei, na ilikuwa ndogo.

"Umeacha mahali hapa juu," mkewe alimwambia.

"Hapo ni pa chewa," Fundi alisema. "Akirudi."

Hayo yalikuwa maneno yake marefu ya kwanza kwake tangu siku ya povu la sabuni. Mama Chewa aliingia ndani akajifanya anapanga barafu, maana hakutaka aonekane anavyofurahi.

Bei ndogo ilivuta watu ambao hawakuwahi kukanyaga pale. Walikuwa wakipita siku zote wakisema duka lile si la watu kama wao. Sasa waliingia, wakanunua kambare kwa jina lake, wakarudi. Vipimo vya afisa navyo vilitoka, na vibao vya mtaa mzima vikaanza kubadilishwa, vingine usiku usiku ili mwenye duka asionekane. Siku moja Mpishi alisimama mlangoni akijikuna kisogo.

"Nimeandika kambare kwenye ubao," alisema. "Wanamla vilevile. Tena wanaongeza pilipili." Akasubiri. "Nipimie kama zamani, mama."

Alimpimia. Hakumkumbusha chochote, ingawa alikuwa na maneno mengi sana ya kumkumbusha.

*

Msimu mwingine ulipofika, asubuhi moja Nahodha aliingia dukani amebeba kitu kimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa maji. Fundi alikuwa nyuma yake, koti la zamu bado mwilini.

"Nje ya maboya," Nahodha alisema kabla hajaulizwa. "Muulize mwenyekiti."

"Nje kabisa," alisema Fundi. "Nilikuwa namtazama akimvuta. Wameanza kutoka."

Nahodha alifungua gunia juu ya meza. Chewa alikuwa mnene, kifua kipana, madoa ya kahawia yametapakaa mwili mzima, ngozi inang'aa. Mama Chewa aliweka kiganja juu yake. Alikuwa amesahau kwamba ana madoa mengi hivyo.

"Wa kuuza huyu, shemeji?"

"Wa kwanza hauzwi," alisema Nahodha. "Mpikie mama."

Mama Chewa alimpika na ngozi yake, kwa chumvi na ndimu basi, bila kumchanganya na kitu. Wote walikusanyika mezani, binti naye na sare yake ya shule, na hakuna aliyegusa chakula. Bi Mkubwa alivunja kipande karibu na shavu, akatoa mwiba taratibu, akaweka mdomoni. Alitafuna kwa muda. Alifumba macho, na Mama Chewa alibaki amesimama na kijiko mkononi.

"Mama?" alisema Fundi.

Bi Mkubwa alifumbua macho, na yalikuwa na machozi.

"Ulimi wangu ni mzima," alisema.

Kisha akaivuta sahani yote karibu yake, na hapakuwa na mtu nyumba ile aliyethubutu kumwomba.